Kauboi wa kuchekesha: uanze na picha ipi?

Mjomba wangu ni mtu wa picha za kauboi. Ujana wake aliumalizia Dar es Salaam, enzi ambazo Jumapili bila sinema haikuwa Jumapili, na mpaka leo akikusimulia picha hataji jina la mwigizaji: kuna stelingi, kuna adui, kuna rafiki wa stelingi ambaye lazima afe katikati. Kiingereza chake ni cha kuombea maji. Binti wa dada yangu ana miaka 11, Kiingereza cha shule anacho, ila picha isiyo na rangi kwake ni adhabu. Desemba iliyopita tulikaa nyumba moja wiki tatu, nami nilikuwa nimebeba picha za zamani za Hollywood ambamo kauboi anachekesha. Karibu kila usiku tuliweka moja. Kwa hiyo ninayoyasema hapa yamepimwa na watu wawili wasiokubaliana lolote: mmoja anaujua ukauboi bila maneno, mwingine anayajua maneno bila ukauboi.

Kabla hujachagua, jua kwanza kwamba picha hizi si za ukoo mmoja. Ziko zile ambazo wachekeshaji mashuhuri walikodishiwa kofia, farasi na baa ya mbao, wakaendelea na vituko vyao vilevile ambavyo wangevifanya hata melini au hospitalini. Na ziko zile ambazo ni picha za kauboi kamili, zina sherifu, zina ukoo wa majambazi, zina mapambano ya mwisho barabarani, ila aliyeziandika alishindwa kujizuia kucheka. Ukitaka za aina moja ukapewa za nyingine utazima kabla ya nusu saa, kisha utasema picha za zamani hazina maana. Mimi ni mtu wa aina ya pili. Nasema mapema ili ujue mizani yangu imelalia wapi.

Laurel na Hardy, au Ndugu Marx?

Way Out West ya Laurel na Hardy (1937) na Go West ya Ndugu Marx (1940), ukizisimulia harakaharaka, ni kama mapacha. Zote hazina rangi, zote zina hati ya mali ambayo tapeli mwenye baa anaimezea mate, na waliomo ni wachekeshaji wa kofia za kukodi. Kufanana kunaishia hapo.

Stan Laurel, yule mwembamba, na Oliver Hardy, yule bonge, wanapeleka hati ya mgodi wa dhahabu kwa binti aitwaye Mary Roberts katika mji wa Brushwood Gulch. Baba yake ameshafariki, na binti mwenyewe ni mtumishi wa jikoni kwenye baa ya Mickey Finn, ambaye ni James Finlayson, Mskoti wa masharubu ya bandia na jicho la kukodoa. Finn anamwambia mke wake, mwimbaji wa baa hiyohiyo, ajifanye ndiye Mary. Mwanamke analia kwa kwikwi, anauliza kama ni kweli baba yake mpenzi amefariki. Laurel anamjibu kwa upole kwamba wanatumaini amefariki, maana wamemzika. Nilimtafsiria mjomba, akacheka kabla sijamaliza. Mzaha wa namna hiyo haumwagiki njiani.

Mengine ni mwili. Laurel alijiapiza kwamba wasipoirudisha hati atakula kofia ya mwenzake. Hardy anamshikilia atimize ahadi. Anaanza kwa machozi, anatafuna, anaongeza chumvi, anaona mbona si mbaya, mpaka Hardy mwenyewe anamega kipande aonje. Kuna pia kile kidole gumba. Laurel akitaka moto hukunja ngumi na kufyatua gumba, likawaka kama kiberiti cha gesi. Hardy anajaribu picha nzima, haliwaki, na siku likimwakia anapiga yowe kwa hofu. Mpwa wangu hadi leo akiambiwa awashe jiko hufyatua gumba kwanza.

Lakini kitu cha kukaa chini ukitazame ni ile dansi. Ndiyo kwanza wamefika mjini. Kwenye ngazi za baa wameketi vijana wa kundi la The Avalon Boys wanapiga gitaa na kuimba (wazee wa Dar watatabasamu, maana Avalon kwao ni jengo la sinema). Hardy anaanza kutikisa kichwa. Laurel anaitikia kwa mguu. Kisha wanaanza kucheza, hatua ndogondogo, mikono ikishika ncha za makoti, nyuso zimetulia kama watu wanaosubiri basi. Bonge lile linacheza kwa wepesi wa unyoya. Hakuna anayeanguka, hakuna anayepigwa, na bado ndizo dakika mbili zilizotuchekesha kuliko zote za Desemba ile. Usiniulize kwa nini. Mjomba alisema nirudishe nyuma, nikarudisha mara mbili. Picha yote ina dakika 65 hivi, kwa hiyo hata ukirudisha hujakesha. Wimbo mwingine wanaouimba humohumo kwenye kaunta ya baa, The Trail of the Lonesome Pine, ulikuja kushika nafasi ya pili kwenye chati za Uingereza mwaka 1975, wakati wote wawili wameshazikwa: Hardy alifariki 1957, Laurel 1965.

Ndugu Marx, yaani Groucho, Chico na Harpo, ni habari nyingine. Groucho ni ulimi. Anaongea kama mnada wa mitumba, na kila neno lina maana mbili, ya pili ikiwa imefichwa ndani ya Kiingereza cha Wamarekani wa mwaka 1940. Mjomba alimtazama dakika kumi akaniuliza, "Huyu wa masharubu ya kupaka anauza nini?" Swali zuri, kwa sababu mwanzo wa picha kweli ni biashara. Groucho amepungukiwa dola 10 za tiketi ya treni, anawaona Chico na Harpo, anadhani amepata washamba. Anawauzia vitu vya dola moja. Wanampa noti ya 10, anawarudishia chenji ya 9, na noti imefungwa uzi, inarudi mfukoni kwao. Mchezo unarudiwa mpaka tapeli ndiye anayebaki mtupu. Hapo hakuna anayehitaji mkalimani, na Harpo, ambaye hasemi neno picha nzima, ndiye aliyetuokoa sote.

Tatizo ni katikati. Kuna mapenzi ya vijana wawili ambao hata majina yao yamenitoka, kuna nyimbo za kujazia. Uvumilivu wako unalipwa mwishoni: treni imeishiwa kuni, wao wanakatakata mabehewa yake yenyewe kwa shoka na kuyatia kwenye tanuru, abiria wamo ndani, mpaka inayofika ni mifupa ya treni. Wakati huo Buster Keaton, nyota wa picha bubu, alikuwa ameajiriwa na studio ya MGM kubuni vituko kwa picha za wengine bila jina lake kuandikwa, na mkono wake umo kwenye picha hii.

Ukiniuliza kati ya hizo mbili, sina la kufikiri: Way Out West, tena ndiyo ya kuanza nayo kama sebuleni kuna watoto au mtu asiyejua Kiingereza. Go West ya Ndugu Marx tazama mwanzo na robo saa ya mwisho. Si picha yao bora, na anayetaka kuwajua asianzie hapo.

Tahadhari moja kwa wanaopakua. Kuna Go West nyingine, ya 1925, na hiyo ni ya Keaton mwenyewe. Ni picha bubu, na tangu 2021 haina tena mwenye haki nchini Marekani, kwa hiyo iko bure na kihalali. Keaton ni kijana asiye na rafiki duniani anayekwenda kufanya kazi kwenye ranchi huko Arizona, na rafiki anayempata ni ng'ombe jike anayeitwa Brown Eyes. Si mzaha wa dakika tano; ni urafiki wa picha nzima. Anakwenda naye kila mahali, anamtoa kokoto kwenye kwato, anamfunga pembe za kulungu ili awe na silaha kama wenzake. Kuna pahala kwenye meza ya karata mtu anamwelekezea bastola na kumtaka atabasamu anaposema maneno yake. Keaton alijulikana kwa uso wake wa jiwe, hakutabasamu kwenye picha zake, kwa hiyo anachukua vidole viwili na kusukuma pembe za mdomo juu. Mwishoni mwenye ranchi anamwambia aombe chochote nyumbani kwake. Kijana anasema anamtaka "yeye", akionyesha kwa dole gumba nyuma ya bega. Wote wanamgeukia binti wa tajiri. Anayetakiwa ni ng'ombe. Nadhani hakuna watu wataielewa picha ile haraka kuliko jamii za wafugaji wetu.

Dietrich na Stewart, au Mae West na Fields?

Destry Rides Again ilitoka mwisho wa 1939, My Little Chickadee mwanzo wa 1940, zote kutoka studio ya Universal. Zote zinasimama juu ya mwanamke wa baa mwenye macho yasiyoogopa.

Marlene Dietrich alikuwa amechafuliwa mwaka mmoja kabla: wenye majumba ya sinema walichapisha tangazo la kuwataja nyota ambao, kwa maneno yao, ni sumu kwenye dirisha la tiketi, naye akawemo. Akaokotwa na picha ya kauboi. Ni Frenchy, mwimbaji wa baa katika mji wa Bottleneck, anayemsaidia bosi wake kuwanyang'anya watu mashamba kwenye karata. Ugomvi wake na Una Merkel, mke wa mtu aliyepoteza suruali yake kwenye karata hizohizo, ni wa kuvutana nywele na kubiringishana sakafuni, na unakwisha pale tu Destry anapowamwagia ndoo ya maji.

Destry ni James Stewart, na ndiye aliyeninasa. Naibu sherifu mpya anasubiriwa kwa hamu, mtoto wa sherifu mashuhuri. Gari la farasi linafika, mlango unafunguka, na anayeshuka ni kijana mrefu ameshika mwavuli wa kike na kitundu cha ndege. Anamshikia tu abiria mwenzake, lakini mji mzima umeshaangua kicheko. Anaingia baa anaagiza maziwa. Bastola habebi. Na kila mtu akimletea ubishi yeye hujibu kwa kisa: nilikuwa na jamaa mmoja, alifanya hivi, yakampata haya. Mjomba alimpenda papo hapo. "Huyu kalelewa na bibi," alisema, na kwa kweli ndivyo wazee wetu wanavyomkanya mtu bila kumtaja. Siku inayofika ya kuonyesha kwamba bastola anaijua, anaazima za wahuni wenyewe.

Jihadhari: picha hii inakuchekesha saa nzima, kisha inakuvunja moyo. Mpwa wangu alinuna mpaka asubuhi.

My Little Chickadee ina nyota wawili wazito zaidi kwa ucheshi na ni picha nyepesi zaidi. Mae West na W. C. Fields waliandikwa wote kama waandishi wa muswada, na unaona mshono: picha ya huyu hapa, picha ya yule pale, wanakutana kwa nadra. Wanafungishwa ndoa ya uongo ili bibi apate heshima mjini; bwana anaingia kitandani gizani kwa matumaini makubwa na anayemkuta chini ya shuka ni mbuzi. Hilo linachekesha kwa lugha yoyote. Lakini Fields hula maneno puani, West huyavuta kama mpira, na mizaha yao mingi ni ya chumbani iliyofunikwa kwa adabu ili ipite kwa wakaguzi wa maadili wa wakati ule. Kuna mtu anamuuliza Fields kama karata anazochanganya ni mchezo wa bahati; anajibu, si kwa jinsi ninavyoucheza mimi. Ukikipata kijembe cha namna hiyo bila kuambiwa, iweke. Ukihitaji maandishi ya chini, utasoma zaidi ya utakavyocheka. Na wenyeji wa Amerika wamewekwa kama shabaha za kupigwa risasi tu, jambo ambalo ni aibu ya picha nyingi za enzi hizo, za kuchekesha na zisizochekesha.

Bob Hope, kwa kifupi

The Paleface ya 1948 na mwanawe, Son of Paleface ya 1952, zina rangi, kwa hiyo mpwa wangu alizipa alama za bure. Katika ya kwanza Hope ni daktari wa meno mwoga, Jane Russell ni Calamity Jane anayepiga risasi kwa niaba yake huku sifa zikimwendea yeye. Kabla ya mapambano kila mpita njia anamnong'oneza ushauri: adui huchomoa bastola kutoka kushoto, egemea kulia, upepo unatoka mashariki, lenga magharibi. Anakwenda huku akijirudia kwa sauti mpaka mashauri yote yamechanganyika kama wali na maharage. Wimbo wake Buttons and Bows ulichukua Oscar.

Aliyeshiriki kuandika, Frank Tashlin, alikuwa ametoka kwenye katuni, na ya pili aliiongoza mwenyewe. Ndiyo maana ni ya kichaa zaidi. Yumo Roy Rogers, kauboi wa kweli wa nyimbo na sinema, na farasi wake Trigger. Kuna Hope na Trigger wamelala kitanda kimoja wakinyang'anyana blanketi. Nasema chukua ya pili. Wengi hawatakubali nami kwa sababu Russell ana kazi nzuri zaidi katika ya kwanza, na wana hoja.

Hapa katikati mjomba aliuliza Trinity iko wapi. Nikamweleza kwamba nyota wake, Terence Hill na Bud Spencer, ni Waitaliano, Mario Girotti na Carlo Pedersoli kwa majina ya nyumbani, na picha ile ya 1970 ni ya Italia, si Hollywood. Hajaniamini.

Mtoto akalale kwanza

Blazing Saddles ya 1974 niliitazama na mjomba peke yetu, na bado kuna dakika nilitazama dari. Mel Brooks aliiongoza, Richard Pryor ni mmoja wa walioiandika. Reli inapaswa kupita Rock Ridge. Mwanasiasa fisadi anataka wakazi wahame, anawapelekea sherifu mweusi akijua wazungu wa mji ule hawatamvumilia. Sherifu Bart ni Cleavon Little, nadhifu, mtulivu, mwenye tabasamu la mtu anayejua kitu ambacho hujui.

Anapofika, mji mzima unamwelekezea bunduki. Anachofanya ni kuitoa bastola yake na kujielekezea mwenyewe shingoni. Kwa sauti nzito anatishia kwamba mtu akisogea, atammaliza huyu mweusi; kwa sauti ya kitoto anajililia aokolewe. Watu wanaogopa, wanaweka silaha chini, na anajiteka mwenyewe mpaka ndani ya ofisi. Mjomba hakucheka. Alinyamaza kidogo, akasema, "Huyu kawajua." Tusi la kibaguzi limetumika humo mara nyingi sana, na limewekwa kwenye vinywa vya wapumbavu ili wapumbavu ndio wachekwe, lakini ni tusi bado, na mtu aliyewahi kuitwa hivyo ugenini anaweza asiwe na hamu ya kulisikia akiwa amepumzika kwenye kochi lake.

Hii ni picha ya kutazama baada ya Destry, si kabla. Madeline Kahn anamwigiza Dietrich waziwazi, mwimbaji wa baa aliyechoka na wanaume, mguu juu ya kiti, na aliteuliwa kwa Oscar. Bila kumwona Frenchy utaona mwanamke anayeimba vibaya tu. Vivyo hivyo wimbo wa mwanzo: Frankie Laine, bingwa wa nyimbo za kauboi, aliuimba kwa moyo wote bila kuambiwa kwamba picha ni ya kuchekesha, na huo unyoofu wake ndio mzaha wenyewe.

Cat Ballou, au Support Your Local Sheriff!

Hapa ndipo mimi na mjomba tulipogombana, na ndipo kwangu penye uchaguzi wa kweli. Zote mbili ni picha za kauboi kamili. Zote zina rangi, zote dakika tisini na kitu, hakuna ambayo utahitaji kumfukuza mtoto.

Support Your Local Sheriff! ya 1969 iliongozwa na Burt Kennedy. Dhahabu imeonekana ndani ya kaburi wakati watu wanazika, msiba ukageuka uwanja wa ngumi. Mji umechipuka, hauna sheria, na ukoo wa Danby unatoza ushuru kila anayetoka na dhahabu yake. Anafika Jason, ambaye ni James Garner. Kila anayemuuliza anamwambia kwamba yeye yuko njiani tu kwenda Australia. Anakubali usherifu kwa ajili ya mshahara, akikataa kabisa kuonekana shujaa. Mtu mmoja akija kumtisha kwa bastola, anamtupia mawe mpaka anakimbia.

Jela ni mpya, nzuri, ya matofali, ila nondo hazijafika. Jason amemkamata Joe Danby, jambazi mjinga, amemweka ndani ya chumba kisicho na nondo wala mlango. Anachora mstari wa chaki sakafuni: hapa usivuke. Joe anacheka. Jason anadondosha matone ya rangi nyekundu karibu na mstari, kisha anamwacha aulize mwenyewe. Mfungwa anayatazama yale matone, anamtazama sherifu, anarudi nyuma, anakaa kitandani. Bruce Dern anaigiza ule mzunguko wa akili nzito kwa macho tu, na mjomba aliuelewa wote bila neno moja kutoka kwangu. Baadaye baba wa Joe anaingia ofisini, anamwelekezea Jason bastola usoni. Jason anaingiza kidole kwenye mtutu. Mzee anakasirika kama mtu aliyevunjiwa adabu: hivyo havifanywi!

Mzee huyo ni Walter Brennan, mwenye Oscar tatu kabatini. Mwaka 1946 aliigiza baba wa ukoo wa majambazi katika My Darling Clementine ya John Ford, baridi, mkatili, haonyeshi meno. Hapa anamwigiza mtu yuleyule, ila sasa wanawe wamekuwa wapumbavu na yeye amechoka kuwalea. Jack Elam naye, mwenye jicho moja lililopinda tangu utotoni, alikuwa adui katika picha nyingi mno. Hapa amepewa unaibu sherifu baada ya kuokotwa kwenye kazi ya kuzoa mavi ya farasi. Ndiyo maana naipenda. Waigizaji wanajicheka wao wenyewe na kazi waliyoifanya maisha yote, na bado bastola zinalia inavyopaswa. Kasoro yake ni binti wa meya: Joan Hackett ni mzuri, lakini kazi aliyopewa ni kushika moto nguo na kukwama juu ya mti.

Hilo huwezi kuisema Cat Ballou ya 1965. Jane Fonda ndiye mwenye picha: mwalimu aliyerudi nyumbani Wyoming, baba yake ameuawa kwa ajili ya maji na ardhi, naye anageuka jambazi wa treni. Tunamkuta mwanzoni akisubiri kunyongwa. Anayetusimulia ni malenga wawili wanaotembea katikati ya matukio wakiimba, Stubby Kaye na Nat King Cole. Cole alikuwa mgonjwa wakati wa kurekodi na alifariki Februari 1965, kabla picha haijatoka. Ukimtazama ukijua hilo, tabasamu lake linakushika koo.

Lee Marvin anaigiza watu wawili. Mmoja ni Strawn, muuaji aliyeng'atwa pua kwenye ugomvi na sasa amevaa ya fedha. Wa pili ni Kid Shelleen, mpiga bastola mashuhuri aliyeitwa kuja kuwaokoa, na anaposhuka kwenye gari la farasi ni mlevi wa kumimina. Wampe shabaha, anakosa ghala zima. Wampe chupa, mikono inatulia, analenga kama malaika, kisha anaendelea kunywa na inatetemeka tena. Kwenye maombolezo ya baba yake Cat, Shelleen anaingia, anaona mishumaa imezunguka jeneza, uso unang'aa, anaimba wimbo wa siku ya kuzaliwa na kuizima kwa kupuliza. Mpwa wangu alijifunika uso kwa mto. Mjomba alikuwa anafuta machozi.

Udhaifu wake ni vijana wa kiume wanaomzunguka Cat, ambao wanapita bila kuacha alama, na Marvin akitoka kwenye kioo unamtafuta. Picha ya Garner haina shimo la namna hiyo. Kila chumba kina mtu wa kumtazama. Kwa mtu anayezijua picha za kauboi za zamani, sherifu. Kwa mtu ambaye hajaona hata moja, Cat Ballou, maana inajieleza yenyewe kwa nyimbo.

Mjomba anazijua zote za zamani na bado alichagua Cat Ballou. Sababu yake ni farasi. Kuna pahala Shelleen amelewa, ameinama juu ya tandiko kama gunia, na farasi wake naye ameegemea ukuta, miguu ya mbele imepishana, macho yamelegea, mlevi kama bwana wake. "Farasi hawezi kufundishwa hivyo," alisema. "Na huyo alilipwa nini?" Nikamwambia kwamba Marvin alipopokea Oscar ya mwigizaji bora mwaka 1966 kwa kazi hiyo, alisema nusu yake ni ya farasi mmoja aliyeko huko bondeni.

"Nusu," mjomba akasema, akitafuta kandambili zake gizani. "Ningempa yote."